Mwanangu karudishwa nyumbani kwa debe la mahindi: hii ni sheria, ni waraka, au ni neno la mtu?

Mkulima_Umalila (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumatatu. Nimeona nilete hapa maana humu kuna walimu, watendaji, watu wa sheria, na wazazi wenzangu wa nyanda hizi za juu.

Mimi ni mkulima wa viazi huku Umalila, Mbeya Vijijini. Nina watoto watatu. Wa kati yuko darasa la nne, shule ya serikali. Jumatatu asubuhi nilikuwa shambani, majani ya kando ya njia bado meupe kwa sakitu, nikamwona anapandisha kilima peke yake. Ilikuwa saa nne kasoro. Begi lake mama yake alilishona kwa mfuko wa mbolea, kalivaa mgongoni, na mikono kaivutia ndani ya sweta. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu huku anatazama chini: "Baba, tumeambiwa ambao hatujaleta debe turudi tukalichukue."

Debe la mahindi na shilingi elfu tano ya mpishi. Walisimama mstarini, majina yakasomwa, watoto 17 wakatolewa mbele ya wenzao. Mwanangu wa darasa la tano hakusomwa, kwa sababu hesabu ni ya kaya na jina lililoandikwa ni la huyu mdogo. Kwa hiyo mmoja kabaki darasani, mwingine kapanda kilima.

Nieleweke vizuri. Sipingi chakula shuleni. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa baridi ya Julai, hawezi kusoma hadi mchana na tumbo tupu. Mahindi yangu yalikuwa bado hayajakauka na nilishamwambia mjumbe wa kamati nitaleta mwisho wa mwezi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu, ambaye namheshimu, akaniambia ni maagizo. Ya nani? Ya juu. Nikapita kwa mtendaji wa kijiji, akasema kikao cha wazazi kilipitisha. Jioni nikamkuta mjumbe wa kamati ya shule, akasema ni sheria ndogo. Watu watatu, majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyefungua kabati akanionyesha karatasi.

Ninavyojua mimi, Sheria ya Elimu ya 1978 inanilazimisha mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka saba na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize shule ya msingi. Nisipofanya hivyo naweza kushitakiwa. Sasa nauliza: kama sheria inanilazimisha nimpeleke, ni karatasi gani inampa mtu mwingine nguvu ya kumrudisha?

Naomba kuwasilisha.

Mama_Wawili_Mafinga

Pole sana baba. Na kwetu ni hivyo hivyo, ila kwetu wanaita "mchango wa hiari" halafu wanakupa tarehe ya mwisho. Nafuatilia.

MwlMstaafu_Mufindi

Kamwene ndugu Mkulima. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, tisa kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ndilo nililokuwa nalikimbia nilipokuwa ofisini.

Anza juu kabisa. Katiba, ibara ya 11, inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Maneno mazuri. Lakini yamewekwa kwenye ile sehemu ya malengo ambayo ibara ya 7 inasema mahakama haina uwezo wa kuamua kama serikali imeyatimiza au la. Kwa hiyo huwezi kwenda mahakamani na ibara ya 11 peke yake mkononi. Chini yake ndipo inakuja sheria iliyotungwa na Bunge, kama hiyo ya 1978, pamoja na Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo nayo inataja elimu kuwa haki ya mtoto. Waziri anapewa na sheria mamlaka ya kutunga kanuni, zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kanuni ina nguvu ya sheria.

Halafu kuna sera, na hapa watu wengi wanachanganya. Sera ni mwelekeo, serikali inasema inataka kufika wapi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Sheria ya 1978 iliandika lazima ya shule ya msingi tu. Umeona pengo hilo? Sera inaweza kutangulia sheria kwa miaka mingi, na mwalimu yuko katikati anavutwa huku na huku.

Chini ya sera kuna waraka, yaani barua rasmi ya wizara inayoelekeza shule zifanye nini. Elimu bila ada tunayoizungumza haikuja kwa sheria mpya ya Bunge. Ilikuja kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ukaanza kutumika Januari 2016, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Kabla ya hapo mzazi wa sekondari ya kutwa alilipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni 70,000, bila kuhesabu michango ambayo mara nyingi ilizidi hiyo ada. Mwaka 2016 ukaja Waraka Namba 3 kufafanua nani anabeba nini, kwa sababu watu walidhani kila kitu ni bure. Humo chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa kwa mzazi, pamoja na sare, madaftari na matibabu. Kwa hiyo aliyekuambia chakula ni jukumu lako hakukudanganya. Lakini jukumu la mzazi ni jambo moja, na kumtoa mtoto mstarini ni jambo jingine kabisa. Waraka haukumpa mwalimu mkuu ruhusa hiyo.

Sasa nikueleze hayo "maagizo ya juu". Mwalimu mkuu ana wakubwa wengi. Halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa), inasimamia shule, majengo na fedha. Wizara ya Elimu inatoa sera na nyaraka, inaleta wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, na mitaala inatoka Taasisi ya Elimu. Mitihani ni Baraza la Mitihani, NECTA. Nidhamu na kupanda daraja ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Kila mmoja anaweza kuleta barua, na zaidi ya barua kuna simu, na zaidi ya simu kuna kauli ya kiongozi jukwaani. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango, mimi nilikuwa na magunia 11 ya mahindi ofisini kwangu. Wazazi walikuja kuyachukua siku iliyofuata, wengine huku wananionea huruma. Baadaye ikafafanuliwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari hazuiwi, ila mwalimu asiwe ndiye mkusanyaji. Kati ya tangazo na ufafanuzi, watoto wangu hawakula uji. Hakuna sheria iliyobadilika hata nukta moja katika siku zile, lakini maisha ya shule yalibadilika yote.

Ushauri wangu: usiulize "nani kasema". Uliza "imeandikwa wapi". Kama ni kikao cha wazazi, kuna daftari la muhtasari. Kaliombe.

Mwl_wa_Kilolo

Mwalimu mstaafu amesema kweli, lakini naomba nami nisikilizwe kwa upande wa tulio ofisini leo.

Hesabu ya ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo huja shuleni. Chukua shule ya watoto 400. Hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Kutoka humo nunua chaki, karatasi za mitihani, tengeneza dawati lililovunjika, nunua mpira, lipia nauli ya kupeleka taarifa wilayani. Hakuna hata senti ya mahindi, ya maharage, ya kuni wala ya mpishi.

Halafu mthibiti ubora anakuja anauliza watoto wanakula? Afisa elimu kata anauliza wanakula? Mwongozo wa chakula na lishe shuleni upo, umeandikwa vizuri, unataka kila mtoto ale angalau mlo mmoja shuleni na unasema wazazi washirikishwe. Kushirikishwa maana yake uitishe kikao. Wanakuja wazazi 60 kati ya 300. Wanakubali. Wanaoleta ni 40. Mpishi anapika kwa mahindi ya watoto 40 na mbele yake wamesimama 400 na vikombe.

Ndugu Mkulima, sisemi alichofanya huyo mwalimu ni sawa. Mtoto hana kosa. Ila nikuulize kwa heshima: uliposema utaleta mwisho wa mwezi, mwanao alikuwa anakula mahindi ya nani?

Mkulima_Umalila

Mwalimu wa Kilolo, swali lako limenichoma na nalipokea. Alikuwa anakula mahindi ya wenzangu. Sikuwa nimeliwaza hivyo.

Lakini nami nikurudishie. Kama deni ni langu, kwa nini lilipwe na mtoto kwa siku ya masomo? Mwaka huu darasa la nne wana upimaji. Siku moja iliyopotea huifidii kwa debe.

Mtendaji_Usangu

Salaam. Mimi ni mtendaji wa kijiji huku Mbarali. Nataka kusema juu ya "sheria ndogo", maana neno hili linatumiwa ovyo na linatuharibia kazi.

Sheria ndogo ya kijiji haizaliwi kwenye kikao cha wazazi shuleni. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji ndiyo inayotunga, rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji wananchi watoe maoni, halafu inapanda halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Haijaidhinishwa, si sheria. Ni azimio tu. Azimio linawafunga watu kwa heshima na makubaliano yao, haliwezi kumtoza mtu faini wala kumpeleka baraza la kata.

Na hata ikishakuwa sheria ndogo halali, anayewajibishwa ni mtu mzima. Sijaona hata moja inayomwadhibu mtoto.

Sisi tunayo ya mahudhurio, ilipita ngazi zote. Chanzo chake ni mpunga. Mpunga ukianza kutoa suke, ndege wa kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na kaya yenye eka tatu isipoamia, yaani kuwafukuza, wiki mbili inavuna pumba. Mtoto wa darasa la tano anapanda kwenye dungu tangu alfajiri, ana kombeo na kamba iliyofungwa makopo, anaivuta na kupiga kelele mpaka jua lizame. Shuleni jina lake linaitwa, kimya. Mwaka jana nilimwita baba mmoja nikamsomea sheria ndogo na faini yake. Akaniuliza: "Mtendaji, nikiuza gunia nikulipe faini, na ndege wakamaliza magunia kumi, hiyo sare ya mwakani nitanunua na nini?" Nikamtoza, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mtoto akarudi shule siku nne, ya tano akawa tena kwenye dungu.

Kilichosaidia baadaye ni wazazi wa kitongoji kile kukubaliana kuamia kwa zamu, watu wazima, mashamba yaliyopakana. Haimo kwenye sheria yoyote. Lakini nisingekuwa na sheria ndogo mkononi, hata kikao hicho wasingekuja.

Binti_wa_Tukuyu

Nimesoma nimeshindwa kunyamaza, maana mimi ninajua uzito wa karatasi moja.

Nilikuwa kidato cha tatu mwaka 2019 nikapata ujauzito. Niliitwa ofisini, nikaambiwa nikabidhi vitabu vya shule, ikaisha. Hakuna barua niliyopewa. Nilikuja kujua baadaye kwamba Kanuni za Kufukuzwa Shule za 2002 hazitaji mimba kwa jina. Zinataja kosa dhidi ya maadili, na kufunga ndoa. Mimba iliingizwa humo kwa tafsiri ya watu, mwaka baada ya mwaka, mpaka kila mtu akaamini ni sheria iliyoandikwa. Na Juni 2017 Rais alishatamka hadharani kwamba aliyejifungua harudi, basi nani angenitetea?

Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, akatangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na ujauzito, wanaruhusiwa kurudi mfumo rasmi. Ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021. Mimi niliusikia redioni nikiwa nachambua majani ya chai kwa watu, mtoto mgongoni. Januari nilikwenda shule na mama. Tukaambiwa hawajaletewa kitu. Tukarudi. Mjomba yuko Mbeya mjini, akautafuta huo waraka, akauchapisha, akauleta kwa basi. Tulikwenda mara ya pili na karatasi kwenye bahasha. Mkuu wa shule akasoma zote, akasoma tena, akasema, "Karibu, vaa sare uje Jumatatu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kufanya jambo ambalo hana mahali pa kulishikia.

Nimemaliza kidato cha nne. Ndiyo maana nasema, ndugu Mkulima, usichoke kutafuta karatasi. Ila mjue pia kwamba waraka unaweza kufutwa na waraka mwingine. Ningependa haki hii iandikwe kwenye sheria yenyewe, pale pale ambapo mwaka 2016 waliweka kifungu cha miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kumfunga mwanaume waliliweka kwenye sheria. Kumrudisha msichana wameliacha kwenye waraka.

Ndaga fijo kwa mliosoma.

Mama_Wawili_Mafinga

Binti wa Tukuyu, Mungu akutunze. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya wanangu.

Walimu, na mimi naomba kuuliza la viboko. Wa kwangu alichapwa kumi na mbili kwa kuchelewa. Vidole vilivimba akashindwa kushika kalamu. Nikauliza nikaambiwa sheria inaruhusu viboko. Inaruhusu kumi na mbili?

MwlMstaafu_Mufindi

Hapana mama. Kanuni za Adhabu ya Viboko zilizotangazwa mwaka 2002 zinasema visizidi vinne. Si kwa kuchelewa wala kwa kukosa hesabu. Ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au makosa mazito, kwa kuzingatia umri, jinsia na afya ya mtoto. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa.

Mnakumbuka ile video ya 2016 huko Mbeya, walimu wa mazoezi wanampiga mwanafunzi ofisini, nchi nzima ikashtuka. Watu waliuliza sheria iko wapi. Sheria ilikuwepo tangu 2002.

Mimi binafsi ningefurahi viboko vikiondoka kabisa, na nasema hivyo nikiwa nimechapa watoto wengi nikiamini nawasaidia. Lakini maadamu kanuni ipo, nenda shuleni uombe kuona kitabu cha adhabu. Ukikuta cha mtoto wako hakikuandikwa, basi alichapwa nje ya kanuni, na hapo una pa kusimamia hadi kwa afisa elimu wa wilaya.

Mwl_wa_Kilolo

Nakubaliana na mwalimu wangu. Kitabu hicho kwenye shule nyingi nilizopita kiko safi, kurasa nyeupe. Na mikono ya watoto inajua mengine.

MwlMstaafu_Mufindi

Ndugu Mkulima, kuna jambo nimeligundua kwenye maelezo yako. Umesema una mtoto darasa la nne na mwingine la tano?

Mkulima_Umalila

Ndiyo mwalimu.

MwlMstaafu_Mufindi

Basi kaa chini nikueleze. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Wa kwako aliyekuwa la tatu mwaka huo ndiye wa la nne mwaka huu wa 2025. Huyo anamaliza darasa la sita mwaka 2027. Kaka yake aliyekuwa la nne mwaka huo anaendelea na mfumo wa zamani, anamaliza la saba mwaka 2027. Wote wawili mwaka mmoja. Januari 2028 watabisha hodi kidato cha kwanza pamoja, na watoto wa nchi nzima vivyo hivyo, mikupuo miwili kwa mlango mmoja.

Mkulima_Umalila

Mwalimu, nimesoma hili mara tatu. Sikuwa najua. Hakuna aliyetuambia kwenye kikao chochote. Nilijua mtaala umebadilika, sikujua maana yake ni sare mbili, madaftari ya watoto wawili wa sekondari, na mwendo wa kilomita saba kwa wote wawili kwa wakati mmoja.

Mtendaji_Usangu

Na madarasa. Kiwango cha sekondari ni wanafunzi 40 kwa darasa. Kata yangu ina sekondari moja. Mwaka 2021 tulipata madarasa ya fedha za kukabiliana na UVIKO-19, milioni 20 kila moja, yalitusaidia sana. Lakini kwa 2028 tunatakiwa kuanza kufyatua tofali sasa hivi, na tofali hizo tutaziombea kwa wazazi hao hao wa debe la mahindi. Watakuja kwa moyo gani kama hata la debe hatujalimaliza kwa haki?

MwlMstaafu_Mufindi

Mtendaji umenikumbusha. Nilipoanza kazi 1986 wazazi wa huku Mufindi na wenzao wa Njombe walikuwa wanachangishana kujenga sekondari kwa jasho lao, kabla hatujaota shule za kata. Kulikuwa na shule za serikali kama Malangali ya tangu 1928, na zile za misheni kama Tosamaganga ambazo serikali ilizichukua baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, lakini nafasi zilikuwa chache na walizipata watoto wa nchi nzima. Watu walichanga kwa sababu walikaa kwenye mkutano, wakaona hesabu, wakachagua wenyewe nani ashike fedha. Shule ya kijiji ilipojaa baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aende shule ya msingi, walimu walitafutwa hata miongoni mwa waliomaliza darasa la saba. Sera ilikuja haraka kuliko madawati. Mzazi ndiye aliyejaza pengo hilo, na bado ndiye anayelijaza. Angalau aulizwe.

Mama_Wawili_Mafinga

Ndugu Mkulima, ulipata daftari la muhtasari? Tupe mrejesho.

Mkulima_Umalila

Mrejesho, wakuu. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nachimba viazi.

Mtoto alirudi darasani siku iliyofuata. Nilimpeleka mwenyewe, nikasimama mlangoni hadi alipokaa. Hakuna aliyenizuia.

Daftari nililipata Ijumaa. Mwalimu mkuu alilitoa kabatini bila ugomvi, nikalisomea pale pale kwenye benchi nje ya ofisi. Kikao kilikuwa Februari. Waliosaini ni 38, jina langu halimo, siku ile nilikuwa Mbalizi nimepeleka mzigo. Kipengele cha chakula kina mistari mitatu. Nakinukuu kama kilivyo: "Wajumbe walikubaliana kila kaya ichangie debe moja la mahindi na sh 5,000 ya mpishi. Wazazi wahimizwe kutoa kwa wakati. Kamati ifuatilie." Basi. Hakuna mstari unaosema mtoto arudishwe. Hakuna sheria ndogo. Hakuna waraka. Nikamuuliza mwalimu mkuu, wazo la kuwatoa mstarini lilitoka wapi? Akanyamaza kidogo, akasema alipigiwa simu asubuhi ile kwamba wageni wanakuja kukagua lishe na stoo ilikuwa imebaki debe mbili.

Jana Jumamosi kamati iliitisha mkutano, na safari hii tulikuja watu 112. Mwalimu wa Kilolo, nilisimama nikasema maneno yako, kwamba watoto wetu tusiochangia wanakula mahindi ya wenzao. Watu waliinamisha vichwa. Mama mmoja akasema yeye ni mjane, hana mahindi, ila ana kuni na mikono. Tulibishana kwa muda wa karibu saa tatu.

Tulichoandika ni hiki: mchango unabaki. Asiye na mahindi alete viazi, maharage au kuni za thamani ile ile, au apike siku tano kwa zamu. Anayedaiwa aitwe mzazi kwa barua ya kamati, si ya mwalimu. Majina ya watoto yasisomwe mstarini. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mahindi yapokelewe na mweka hazina wa kamati mbele ya mashahidi wawili, na orodha ibandikwe ukutani kila Ijumaa pamoja na ruzuku iliyoingia. Kuhusu sekondari na mwaka 2028, tutakutana na vijiji viwili jirani mwezi wa tisa.

Tulipomaliza kusaini, mwalimu mkuu akaomba nakala yenye muhuri wa kijiji. Akasema akipigiwa simu nyingine, safari hii ana kitu cha kusoma.

Kati ya wale 17, waliorudi ni 15. Wawili bado. Baba zao walihamia mashamba ya mpunga huko chini na wamewachukua. Mtendaji wa Usangu, nitakutumia ujumbe pembeni, nikuambie ni kitongoji gani.

Mtendaji_Usangu

Nitumie leo. Kesho asubuhi nina safari ya upande huo.